Miti na Sakulenti Nyumbani: Raha Zake na Hatari Zinazozuilika

Mmea unaohifadhi maji katika majani, shina au mizizi huota katika nchi kavu ambako kila kiumbe mwenye kiu anautamani, na kwa sababu hiyo hauna budi kujilinda. Mpungate hujilinda kwa miiba, mnyaa kwa utomvu mweupe unaochoma, mshubiri kwa maji ya manjano yenye uchungu mkali, na waridi la jangwani kwa sumu inayovuruga mapigo ya moyo, ambayo wawindaji wa zamani waliichemsha wakaipaka mishale. Mimea ya namna hii, ambayo wapanda maua wengi huiita sakulenti, hupendwa nyumbani kwa kuwa huvumilia ukame na hata kusahauliwa. Lakini uvumilivu huo umekua pamoja na silaha hizo, wala hatuwezi kuchukua kimoja tukaacha kingine. Miti nayo ina hali inayokaribiana na hiyo, kwani mizizi inayoiwezesha kusimama kwa miongo mingi ndiyo inayopita chini ya ukuta, na tawi linalotupa kivuli leo ndilo litakalokuwa juu ya paa miaka ishirini ijayo. Anayetaka kuufurahia mmea kwa muda mrefu na aufahamu kwanza jinsi unavyoishi, kisha auchagulie mahali.

Utomvu ndio unaopuuzwa zaidi, kwa hiyo tuanze nao. Mnyaa, ambao kwa jina la kitaalamu ni Euphorbia tirucalli, ni mti na sakulenti kwa wakati mmoja, na hupandwa sana kuwa ua kwa sababu kipande chake kikichomekwa ardhini hushika kwa urahisi. Ukikatwa, maziwa yake hutiririka papo hapo, na tone moja likiingia jichoni huleta maumivu makali, uvimbe wa jicho na mara nyingine upofu wa siku kadhaa. Kazi ya kuupogoa ifanywe siku isiyo na upepo, kwa glavu, mikono mirefu na miwani ya kukinga macho inayoziba pande zote, na lisikatwe tawi lililo juu ya kichwa cha mkataji. Watu wengi huumia baada ya kazi kwisha, wanapofuta jasho kwa glavu zile zile au kushika msumeno ambao haujaoshwa. Utomvu ukiingia jichoni, lioshwe jicho mara moja kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha mgonjwa apelekwe hospitali hata kama maumivu yamepungua, kwa sababu madhara kwenye kioo cha jicho huweza kujitokeza saa kadhaa baadaye. Ngozi ioshwe kwa sabuni na maji mengi kabla utomvu haujakauka.

Mpungate una hatari ya aina nyingine. Miiba yake mirefu inaonekana na inaepukika. Vinavyosumbua ni vinyweleo vidogo vyenye ncha za kurudi nyuma, ambavyo hujikusanya mafungu mafungu na kung'oka kwa kuguswa tu. Usivisugue, maana kuvisugua huvizamisha. Tumia kibanio penye mwanga mzuri, halafu bandika na kubandua utepe wa gundi mara kadhaa ili kuondoa vilivyobaki. Kwa mkonge na jamaa zake, ambao ncha za majani yake ziko sawasawa na kimo cha jicho la mtoto, ushauri wangu ni kuzikata ncha hizo kwa mkasi wa bustani; jani halidhuriki kwa kupoteza milimita chache za mwiba.

Katika nyumba yenye watoto wadogo au mifugo, sumu inayomezwa inahitaji kuangaliwa kabla ya uzuri wa mmea. Mbegu za mbarika zina madoa ya kupendeza, na watoto huziokota kuchezea, ilhali ndani yake mna risini, sumu ambayo hutoka mbegu inapotafunwa. Mbono kaburi huzaa mbegu zisizochukiza mdomoni, na mtoto aliyezila hutapika na kuhara hadi kuishiwa maji mwilini. Kalankoe, mmea mdogo wa maua mekundu au ya manjano unaofaa sana kwenye chungu, una kemikali zinazodhuru moyo wa mbwa, paka na ng'ombe. Sishauri kwamba kila mmea wenye sumu ung'olewe, lakini mbarika na mbono kaburi havina nafasi karibu na mahali watoto wanapochezea. Mtu akimeza sehemu ya mmea, asilazimishwe kutapika. Apelekwe kwa daktari pamoja na kitawi cha mmea wenyewe ili utambuliwe bila kubahatisha.

Tukija upande wa mmea, kinachoua sakulenti nyingi za nyumbani ni maji mengi. Mimea mingi ya kundi hili hufunga vitundu vya kupumulia vya majani mchana na kuvifungua usiku, hewa inapokuwa na ubaridi, ikaivuta hewa ya ukaa na kuihifadhi katika hali ya asidi mpaka jua lichomoze na kazi ya kutengeneza chakula ianze. Kwa mpango huo hupoteza maji kidogo mno. Mpandaji anayeimwagilia kila siku kidogo kidogo huiacha mizizi ndani ya unyevu usioisha, kuvu wa kuozesha wakaingia, na dalili ya kwanza anayoiona ni majani kulegea, jambo linalomfanya aongeze maji zaidi. Mwagilia kwa wingi mpaka maji yatoke chini ya chungu, kisha subiri udongo ukauke mpaka ndani. Kijiti kikavu kikichomekwa hadi kitako cha chungu kitatoka na udongo ulionata ikiwa unyevu bado upo. Jani lililokunjamana kidogo linaomba maji, na jani lililogeuka laini, la manjano na kama la kioo limeshapata kupita kiasi.

Udongo wenyewe uwe wa kupitisha maji. Changanya nusu ya udongo tifutifu na nusu ya mchanga wenye chembe kubwa au kokoto laini za volkano, na uepuke mchanga wa baharini kwa sababu ya chumvi. Kuna desturi ya kuweka tabaka la mawe chini ya chungu ili kusaidia maji kutoka, nayo haisaidii, kwa kuwa maji hayashuki kwa urahisi kutoka udongo laini kwenda kwenye mawe mpaka udongo ulio juu yake ushibe kabisa. Tabaka hilo hulipandisha eneo la unyevu karibu zaidi na mizizi. Kinachotakiwa ni tundu la kutosha na chungu cha udongo wa kuchoma kinachopumua. Maji yaliyobaki kwenye kisahani yamwagwe siku hiyo hiyo, maana mbu huhitaji takriban wiki moja tu ya maji yaliyotuama ili kizazi kipya kiruke.

Mmea uliotoka kivulini usitolewe juani kwa ghafla, bali uzoeshwe kwa wiki moja au mbili, la sivyo majani hubabuka na makovu yake hayafutiki. Wadudu wanaopaswa kutazamwa ni vidung'ata, wale weupe wenye unga unaofanana na pamba, ambao hujificha kwenye makwapa ya majani na hata kwenye mizizi. Wakiwa wachache, pamba iliyoloweshwa kwa spiriti inatosha.

Kwa upande wa miti, kosa kubwa hufanyika siku ya kupanda na gharama yake huja baadaye sana. Mche wa mkuyu au wa ndugu zake wa jamii ya Ficus ukiwa kwenye mfuko hauonyeshi hata kidogo kile utakachokuwa. Uliza kimo cha mti uliokomaa kabla ya kuchimba shimo, na usiukaribishe kwenye nyumba, kisima au tangi la maji taka kwa umbali ulio chini ya nusu ya kimo hicho. Kwa jamii ya mkuyu ningetaka umbali sawa na kimo chote, hasa kwenye udongo wa mfinyanzi unaovimba na kunywea. Sehemu kubwa ya mizizi ya mti huwa ndani ya sentimita 60 za juu za ardhi na husambaa kupita ukingo wa matawi. Haivunji bomba zima kwa kawaida, ila palipo na ufa unaovuja itaingia na kujaza. Ukaguzi wa mabomba kabla ya kupanda ni kinga bora kuliko kukata mizizi baadaye, kwa kuwa mti uliokatwa mizizi ya upande mmoja unaweza kuangukia nyumba ile ile iliyokuwa ikilindwa.

Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi na kina kisichozidi bonge hilo. Mizizi iliyojizungusha ndani ya mfuko ikatwe au inyooshwe, vinginevyo itaendelea kuzunguka mpaka iukabe mti wenyewe. Mahali shina linapotanuka kuingia kwenye mizizi paonekane juu ya ardhi. Weka matandazo ya sentimita 5 hadi 10, lakini yaache nafasi kuzunguka shina.

Kuhusu kupogoa, Alex Shigo, mtafiti wa misitu wa Marekani, alipasua maelfu ya miti kwa msumeno akaonyesha kwamba mti hauponyi kidonda kama mwili wa mnyama unavyofanya, bali hukizungushia kuta ndani yake na kukiacha kifungwe humo. Kuta hizo hutegemea uvimbe mdogo ulio pale tawi linapotokea kwenye shina, na ndiyo maana tawi halikatwi kwa kusawazishwa na mti wala kuachwa kisiki kirefu. Tawi zito likatwe kwanza kwa chini kiasi cha theluthi ya unene wake, hatua kidogo kutoka kwenye shina, kisha kwa juu mbele kidogo ya hapo ili lianguke bila kuchuna ganda, na mwisho kisiki kiondolewe nje tu ya uvimbe. Rangi ya kupaka kidonda haihitajiki. Matawi makubwa ya juu, au yaliyo karibu na nyaya za umeme, ni kazi ya mtu aliyefunzwa.

Mimea inayostahimili mno huweza pia kutoroka. Mpungate ulioingizwa Australia ulifunika takriban hekta milioni 24 kufikia miaka ya 1920, na haukurudi nyuma mpaka nondo wa Amerika Kusini, Cactoblastis cactorum, alipoachiliwa kuanzia mwaka 1926. Mabaki ya mpungate, na ya kalankoe zile zinazoangusha vichipukizi kutoka kwenye kingo za majani, yakaushwe kabisa kabla ya kutupwa, wala yasiachwe kwenye mitaro. Vile vile tusiwe sababu ya mimea ya porini kung'olewa: Mkataba wa CITES, uliotiwa saini mwaka 1973, unadhibiti biashara ya kimataifa ya karibu dungusi zote, yaani jamii ya mpungate, na ya mishubiri yote isipokuwa ile ya kawaida ya alovera, na bado sakulenti ndogo za Afrika Kusini zimeibwa kwa wingi miaka ya karibuni. Mmea wenye makovu ya jua ya miaka mingi, mizizi iliyokatwa ovyo na umbo lisilofanana na wenzake hautoki kitaluni, usiununue.

Hakuna haja ya kununua mara nyingi hata hivyo, kwani raha iliyo kubwa kuliko zote katika mimea hii ni kuizalisha kwa mkono wako. Kata pingili kwa kisu safi, au bandua jani zima la echeveria, sakulenti ndogo yenye majani yaliyojipanga kama ua, bila kulivunja kwenye kitako chake, uliweke kivulini siku tatu hadi saba mpaka kidonda kikauke na kufunga, kisha ulilaze juu ya mchanga wenye unyevu hafifu. Mshubiri hauoti kwa jani. Tenganisha machipukizi ya pembeni yakiwa tayari na mizizi yake. Kwa jani la echeveria, mizizi huanza kuonekana ndani ya wiki chache, ikiwa myembamba na ya rangi ya pinki, na baadaye kichanga cha majani manne au matano hutokeza kwenye kitako cha jani la zamani. Jani hilo la zamani lisiondolewe hata likikunjamana, maana bado linamlisha mtoto wake, na litaanguka lenyewe likishakauka.