Somo: Namna ya kuisoma ndoto yako mwenyewe, hatua kwa hatua

Mtu akiota nyoka, swali la kwanza huwa "nyoka ana maana gani?" Likiulizwa hivyo halijibiki. Nyoka wa mkulima aliyewahi kung'atwa shambani si nyoka wa mwanafunzi aliyemwona kwenye picha tu, hata kama wote wameota swila. Linalojibika ni hili: nyoka huyu, usiku huu, kwa mtu huyu, anagusa nini katika maisha yake? Ndiyo maana orodha zinazozunguka kwenye simu (meno kung'oka ni msiba, samaki ni mimba, maji machafu ni ugonjwa) hazimsaidii mtu. Zinatoa jibu kabla ya kumuuliza mwotaji.

Kwa Waislamu, Hadithi iliyopokewa na Muslim inazigawa ndoto mafungu matatu: bishara njema kutoka kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na yale mtu anayojisemesha nafsini mwake. Somo hili linashughulika na fungu la tatu, ambalo ndilo linalojaza usiku mwingi wa watu wengi.

Hatua ya 1. Kuandaa kitanda

Unahitaji daftari, kalamu na tochi ndogo. Viweke ndani ya chandarua, upande wa mkono unaoandikia. Hili linaonekana dogo, lakini hapo ndipo wengi wanapoipoteza ndoto: daftari likiwa mezani itabidi uketi, uchomoe chandarua chini ya godoro na upapase gizani, na ukilifikia umebaki na hisia tu, picha zimekwenda. Simu usiitumie. Ukiwasha kioo utakutana na ujumbe, na ujumbe mmoja unatosha kuifuta ndoto.

Lala kwa muda wa saa saba hadi nane. Mwaka 1953, Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman wa Chuo Kikuu cha Chicago walitangaza kwamba kuna vipindi vya usingizi ambapo macho hucheza chini ya kope, na ukimwamsha mtu wakati huo mara nyingi anakuwa na ndoto ya kusimulia. Vipindi hivyo hurudi takriban kila dakika 90. Cha kwanza ni kifupi, pengine dakika chache tu, lakini kadiri alfajiri inavyokaribia vinarefuka. Anayelala kwa muda wa saa tano tu amejikata sehemu yenye ndoto ndefu kuliko zote. Pombe nayo huvibana vipindi hivyo mwanzoni mwa usiku, kisha vinarudi kwa nguvu karibu na asubuhi. Ndiyo sababu ndoto za mlevi huwa nzito na za kutisha alfajiri.

Hatua ya 2. Dakika mbili za kwanza

Ukizinduka, usijigeuze. Usifumbue macho. Usianze kuuliza "nimeota nini?" Anza na "najisikiaje?" Hofu, aibu, furaha, hamu ya mtu. Hisia hukaa muda mrefu kuliko picha, nawe ukiishika inavuta picha ya mwisho. Kutoka picha ya mwisho rudi nyuma: kabla ya hapo nilikuwa wapi? Na kabla ya hapo? Ukikwama, geukia polepole ubavu mwingine unaopenda kulalia, usubiri. Anayeamshwa na adhana ya alfajiri ana bahati, kwa kuwa mara nyingi inamkuta ametoka kwenye ndoto muda huo huo.

Hatua ya 3. Kuandika

Andika tarehe, saa uliyolala na uliyoamka. Kisha hisia, na uzito wake kuanzia 0 hadi 10. Kisha ndoto yenyewe, kwa wakati uliopo: "nasimama", "anagonga", "sioni mlango". Mwishoni acha mistari mitano kwa mambo ya jana: uliongea na nani, uliahirisha nini, kipi kilikuudhi ukanyamaza. Ongeza na jambo kubwa la wiki iliyopita, maana tukio huweza kujitokeza ndotoni siku ileile au likakaa siku tano hadi saba ndipo lirudi.

Kosa kubwa hapa ni kuitengeneza ndoto. Akili ya mtu aliye macho haipendi mapengo, basi inaziba: "halafu nadhani nilitoka nje, kwa sababu baadaye nilikuwa barabarani." Usizibe. Andika "pengo", endelea. Kama mama yako alikuwa na sura ya mwalimu wa darasa la nne, mwandike hivyohivyo.

Hatua ya 4. Kuihoji

Fanya hivi mchana au jioni, si kitandani. Tuchukue ndoto ya mfano:

"Nipo jikoni kwa shangazi. Sufuria ya wali imejaa, mfuniko haufunguki. Wageni wanagonga. Nimeshika mwiko uliokatika. Aibu, 8."

Kwanza ikague hisia. Ni aibu, si hofu. Hapo tu tumeshaziacha tafsiri nyingi za "kufungwa riziki", kwa sababu mwotaji haogopi kukosa chakula. Anaona haya mbele ya watu.

Pili, kila kitu kieleze kana kwamba unamweleza mtu asiyewahi kukiona. Mwiko ni nini? "Ni cha kupakulia. Anayeushika ndiye anayegawa." Shangazi ni mtu gani? "Ndiye anayesimamia shughuli zote za ukoo, na hakosei." Wageni? "Sikuwaona. Nilijua tu kwamba wanasubiri." Andika maneno ya mwotaji, usiyaboreshe.

Tatu, weka maelezo hayo kando ya ile mistari ya mambo ya jana. Tuseme jana aliteuliwa kuwa mweka hazina wa kamati ya harusi, akakubali kwa sababu wazee walikuwepo. Sasa soma tena: ameshika chombo cha kugawia, kimekatika, yuko mahali pa mtu asiyekosea, na watu wanasubiri. Hakuhitaji kitabu.

Hatua ya 5. Kuipima tafsiri

Tafsiri nzuri ina alama tatu. Mwotaji anaitambua mwenyewe, wewe hujamshurutisha. Inaeleza vitu vingi vya ndoto, si kimoja kilichochaguliwa. Na inazaa jambo la kufanya ndani ya siku tatu, ukiwa macho. Kwa mwenye mwiko, jambo hilo ni kuiambia kamati kabla ya kikao kijacho kwamba anahitaji msaidizi na daftari la michango linalosainiwa na watu wawili.

Alama hii ya tatu ndiyo tunayoisisitiza kuliko zote. Katika kisa cha Nabii Yusuf, mfalme anaota ng'ombe saba wanono wanaoliwa na saba waliokonda. Yusuf haishii kusema njaa inakuja. Katika Qurani anaeleza mavuno yaachwe kwenye mashuke yake isipokuwa kidogo cha kula. Katika kitabu cha Mwanzo anashauri sehemu ya tano ya mazao iwekwe akiba. Tafsiri inayokuachia woga bila kazi ya kufanya, iweke pembeni.

Na jihadhari na tafsiri inayokusifu, au inayomtia mwenzako hatiani.

Hatua ya 6. Kusoma mfululizo

Ndoto moja huweza kukupoteza. Zikifika ishirini, kaa na daftari uhesabu: nani anarudi, mahali gani panarudi, nani huanza ugomvi, ndoto huishia vipi. Calvin Hall na Robert Van de Castle walichapisha mwaka 1966 utaratibu wa kuhesabu namna hii, na kinachoonekana kwa watu wengi ni kwamba wanaota yaleyale yanayowashughulisha mchana. Ukikuta kwamba katika ndoto kumi na mbili kati ya ishirini wewe ni mtazamaji tu, hufanyi lolote, hilo lina uzito kuliko nyoka yeyote.

Hatua ya 7. Ndoto ya kutisha inayojirudia

Hii haitafsiriwi tu, inafanyiwa zoezi. Mchana, andika ndoto hiyo kwa ufupi. Badilisha chochote unachotaka: mwisho, mahali, aliyekufuata, hata rangi ya mlango. Andika toleo jipya. Kisha kaa pahali tulivu dakika 10 hadi 20 kila siku, ukilipitisha toleo jipya akilini kama unaliona. La zamani usilirudie. Barry Krakow na wenzake walilipima zoezi hili kwa wanawake waliopitia ukatili wa kingono, wakachapisha matokeo mwaka 2001: ndoto za kutisha zilipungua na usingizi ukawa bora.

Linaharibika kwa sababu mbili. Moja, mtu anaanza na ndoto nzito kuliko zote; anza na ya wastani. Mbili, anaacha baada ya siku mbili. Lipe wiki kadhaa. Kama ndoto inarudia tukio la kweli la ukatili, ajali au vita, fanya ukiwa na mshauri nasaha au daktari wa afya ya akili, si peke yako usiku.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali (Tabora): Mwalimu, shikamoo. Naota nakula nyama usiku, nikiamka tumbo limejaa. Nimeambiwa nalishwa na wachawi, na aliyenipa nyama ndotoni ni jirani yangu, bibi mmoja. Nifanyeje?

Jibu: Marahaba. La kwanza na la lazima: usilitamke jina la bibi huyo kwa mtu yeyote. Ndoto si ushahidi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa na ya jirani, vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi zilizoanza na maneno madogo kuliko hayo. Sura inayotokea ndotoni inachukuliwa kutoka kwa watu tunaowaona. Jirani unayepishana naye kila siku ana nafasi kubwa ya kuonekana.

La pili, tumbo. Andika kwa wiki mbili unakula nini usiku na saa ngapi. Mlo mzito kisha kulala papo hapo huleta kiungulia na kuzindukazinduka, na anayezinduka mara nyingi anakumbuka ndoto nyingi zaidi. Maliza kula muda wa saa tatu kabla ya kulala uone. Gesi ikiendelea, nenda zahanati. Kama unasali, sali. Hilo halipingani na haya. Kisha ihoji ndoto: ulipokula ulihisi nini? Shibe, kinyaa, au wizi?

Swali (Mombasa): Jinamizi hunikaba. Niko macho, naona chumba, lakini siwezi kuinua hata kidole, na kuna kitu kimenikalia kifuani.

Jibu: Wakati wa ndoto mwili huzima misuli ili usiitende ndoto yako. Wakati mwingine akili inaamka kabla misuli haijawashwa. Unaona chumba cha kweli, lakini mabaki ya ndoto bado yapo, na kifua kinahisi kizito kwa kuwa pumzi huiongozi wewe. Kwa kawaida huisha kwa sekunde kadhaa au dakika chache. Usipambane na mwili mzima. Elekeza nguvu kwenye kidole kimoja cha mguu au kwenye ulimi, na upumue polepole. Ili lipungue: usilale chali, usikeshe, lala na kuamka saa zilezile. Wanaofanya zamu za usiku hupatwa zaidi. Likija mara kwa mara, na mchana unasinzia bila kujizuia, mwone daktari.

Swali (Muscat): Dada yangu, mama alifariki nikiwa huku kazini, sikumzika. Namwota ananyamaza tu, hanijibu. Amenikasirikia?

Jibu: Pole sana, mdogo wangu. Kunyamaza kwake kumeandikwa na nani, yeye au wewe usiyepata nafasi ya kumuaga? Andika barua kwake, maneno yote ambayo yangesemwa siku ile. Muombee, mtolee sadaka ukiweza, na mpigie simu aliyekuwepo mazishini akusimulie kila kitu tangu asubuhi, hata nani alibeba jeneza. Wasiozika huwa na pengo la picha, na simulizi hiyo hulijaza. Endelea na daftari uone kama mama anabadilika.

Swali: Ninatumia dawa za CTC (kliniki ya matibabu ya VVU), ndoto zimekuwa kali kama sinema. Niache?

Jibu: Usiache wala usiruke dozi. Ndoto kali ni athari inayojulikana ya efavirenz, hasa wiki za mwanzo, na huzidi ikimezwa pamoja na chakula chenye mafuta mengi. Wanaotumia dolutegravir wengine husumbuliwa na usingizi, na mara nyingi kuhamishia dozi asubuhi husaidia. Waeleze CTC, wao ndio watakaobadilisha saa au dawa. Mefloquine, inayotumika kuzuia malaria, na propranolol ya presha nazo huleta ndoto za namna hii. Kwa hiyo dawa mpya iandike daftarini siku uliyoianza.

Swali (Moshi): Baba ana miaka 67. Usiku anapiga ngumi na kupayuka, juzi amemuumiza mama. Akiamshwa anasema alikuwa anapigana na wezi.

Jibu: Hii msiitafsiri. Ule uzimaji wa misuli tuliouelezea unashindwa kwake, na kwa wazee, hasa wanaume, hali hii inaweza kutangulia kwa miaka ugonjwa wa Parkinson, ule wa ubongo unaoleta mtetemeko na ukakamavu wa mwili. Baadhi ya dawa za sonona pia huisababisha. Apelekwe hospitali ya rufaa yenye daktari wa mishipa ya fahamu, mkiwa na orodha ya dawa zake na video fupi ya usiku kama inawezekana. Kuanzia leo mama alale kitanda kingine, godoro la baba lishushwe chini, na panga, meza zenye ncha na taa za kioo ziondoke chumbani.

Swali: Nimeswali istikhara, sijaota chochote. Nirudie?

Jibu: Istikhara ni rakaa mbili na dua ya kumwomba Mungu akuchagulie lenye kheri, Hadithi inayoifundisha haikutaja ndoto. Endelea na jambo lako kwa kushauriana na wanaolijua, na kama bado una wasiwasi muulize sheikh wako kuhusu kuirudia.

Swali: Mimi siotagi kabisa.

Jibu: Unaota, hukumbuki. Kwa siku kumi na nne andika kila asubuhi hata kama ni neno "hakuna", pamoja na hisia uliyoamka nayo. Siku za mapumziko usitege kengele. Wengi huanza kwa kupata kipande kimoja tu, rangi au sauti. Kiandike hicho.