Kipupwe na watoto mpaka kwa twiga: sweta, chai na saa ya kutoka

Asalam aleikum jamani. Msimu wa kipupwe, kuanzia Juni mpaka Agosti, sisi watu wa Mombasa tunajifungia ndani tukilalamika baridi, na mie nataka kuwaambia hii ndo miezi mizuri kabisa ya kuwatoa watoto wakaone wanyama. Februari jua likiwaka, mnyama yuko kivulini amelala na mtoto wako analia joto. Kipupwe wanyama wanatembea, wanakula, unawaona vizuri, kinachotakikana ni kujua kuvaa na kujua saa.

Kuvaa nilifunzwa na shoga yangu wa Limuru, kule bara kwenye baridi kali. Mwaka wa kwanza niliwapeleka wanangu hifadhi ya wanyama ya Shimba Hills na leso mbili tu, gari tulilokodi lilikuwa wazi juu, ukungu umeshuka kwenye vilima, mdogo akatetemeka mpaka midomo ikabadilika rangi na wiki nzima akakohoa. Nilimsimulia kwa simu na sauti yangu ikakatika. Hakusema kitu, wiki mbili baadaye naitwa ofisi ya basi nikachukue mzigo: sweta tatu za sufi alizofuma kwa mkono wake, kofia za kufunika masikio, na shuka nzito. Ndani ya mkono wa sweta la mdogo alikuwa amefuma mfuko mdogo wa kuwekea kitambaa cha pua. Mie mtu wa pwani nisingefikiria hilo maisha yangu yote.

Haya, twende hatua kwa hatua.

Hatua ya 1: Chagua safari. Kama watoto ni wadogo anza na Haller Park, bustani ya wanyama pale Bamburi, matatu za Mtwapa zinapita. Shimba Hills ni ya siku nzima, ngoja mpaka wazoee.

Hatua ya 2: Vaa tabaka tabaka. Fulana ya pamba chini, sweta juu, halafu kitu cha kuzuia upepo. Baridi yetu si ya kipimo, usiku wa Julai ni kama digrii 20 tu, kinachotuumiza ni upepo wa kusi na unyevu, nguo ikilowa jasho ama manyunyu ndo mtoto anaanza kutetemeka. Kwa hivyo beba fulana ya pili, kavu. Saa nne jua likitoka unavua tabaka moja moja, humvui mtoto zote kwa mpigo.

Hatua ya 3: Chupa ya chai. Chai ya tangawizi na mahamri, basi.

Hatua ya 4: Panga saa kwa kufuata mnyama. Hapa ndo wengi wanakosea. Haller Park wanalisha twiga saa tano asubuhi na saa tisa alasiri. Mie naenda ile ya saa tisa na nafika mapema, manake wale kobe wakubwa wa Aldabra damu yao hufuata joto la nje, asubuhi ya baridi wanakaa kama mawe, ukiwapitia baada ya adhuhuri jua limewapiga ndo utaona shingo zinatoka na wanatembea kwelikweli. Na usidanganyike na jua la barabarani, pale palikuwa machimbo ya mawe ya simiti, mwaka 1971 René Haller, mtaalamu wa kilimo wa kile kiwanda cha simiti, akaanza kupanda mivinje, leo kivuli ni kizito na ukiingia chini yake unahisi baridi mara moja. Sweta lisiachwe kwenye gari.

Hatua ya 5: Kumlisha twiga. Vidonge vya chakula weka katikati ya kiganja kilichonyooka, vidole visikunjwe. Ulimi wake una karibu nusu mita, rangi ya zambarau nyeusi, una joto na unakwaruza kidogo, utazunguka mkono wote na mate yake yananata kama uji wa muhogo. Kofia yenye nyuzi zinazoning'inia ivuliwe kwanza! Ya mkubwa wangu ilivutwa, nashukuru haikumezwa.

Njiani huwa nawasimulia kisa cha Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa karibu na Malindi wakati wa tsunami, Desemba 2004, akaletwa hapo Haller Park akamkumbatia kobe mzee aitwaye Mzee, wakawa wanalala pamoja na kula pamoja. Mdogo wangu anauliza kila mara nani alikuwa akimfunika usiku.

MASWALI YA WANACHAMA WA KIKUNDI CHETU

*Baba wa mapacha, Mikindani: Shimba Hills tutoke saa ngapi?*
Saa kumi na moja alfajiri muwe mmeshafika feri ya Likoni, ndugu yangu. Ada lipia eCitizen, ule mtandao wa serikali, usiku uliotangulia, getini pesa taslimu haipokelewi. Asubuhi ndo utawapata palahala, wale swala wakubwa, wakila kwenye nyasi wazi, dume jeusi na pembe zimepinda nyuma, na Kenya nzima ni hapo tu utawaona porini.

*Dada wa Kisauni: Ngamia wa ufuoni je? Mwanangu anataka kupanda.*
Mpande, lakini patana bei kabla hajakaa, na mtazame ngamia mgongoni, akiwa na kidonda achana naye. Ngamia huinuka kwa miguu ya nyuma kwanza, kwa hivyo mtoto ataangukia mbele asiposhika, mwambie aegemee nyuma mpaka ngamia asimame. Na kule upepo wa kusi hauna ukuta, masikio yafunikwe.

*Mama wa Tudor: Wangu ana pumu, nimuache nyumbani?*
Usimuache mama. Muulize daktari wake kwanza, pampu iwe mkobani mwako wewe, si kwenye gari, na mdomo na pua vifunikwe kwa leso upepo ukivuma.

*Kijana wa Majengo: Sweta la sufi nimepewa zawadi, limeshika koga kabatini.*
Pole. Lifue kwa maji baridi na sabuni kidogo, usilikamue, likunje ndani ya taulo ulibonyeze, halafu lilaze kivulini penye upepo. Ukilianika kwa kamba linanyooka mikono mpaka magotini. Likikauka kabisa ndo uliweke, na karafuu chache za kufukuza nondo.

*Bi mkubwa wa Kibokoni: Na huyo rafiki wa Limuru ulimrudishia nini?*
Shikamoo bibi. Nilimtumia achari ya maembe, mafuta ya nazi niliyoyapika mwenyewe na doti ya leso kutoka Biashara Street, nilisimama pale dukani karibu saa nzima nasoma majina ya leso moja baada ya nyingine, sikutaka yenye mafumbo. Aliniletea picha amejifunga moja juu ya koti, nje kwake kuna ukungu mpaka miti haionekani.