Bonde limeingia maji ya chumvi: namna ya kuomba mkopo wa kulirudisha, hatua kwa hatua

Mwongozo huu ni kwa mkulima wa mpunga wa Pemba, hasa wa mabonde yaliyo karibu na bahari kama ya Kisiwa Panza na Ukele, ambako maji ya bamvua (bahari inapojaa kupita kawaida) yakivunja tuta huingia mpaka kwenye majaruba, vile vipande vya mpunga vilivyozungushiwa kingo. Aliyeangushiwa migomba na upepo au aliyezamishwa na mafuriko ya masika naye atapata njia humu, ila hatua ya nne ni ya chumvi peke yake.

Jambo la kushika mwanzo: mkopo haulipi hasara. Mkopo hulipwa na mavuno yajayo. Ukiomba pesa kwa ukubwa wa ulichopoteza badala ya ukubwa wa utakachovuna, maafa ya pili utayafungua kwa mkono wako.

Hatua ya 1: Usisafishe kabla ya kuonekana

Mkulima akiona mpunga umelala kwenye tope hushika jembe. Subiri. Shamba likishasafishwa, hakuna afisa atakayeweza kuandika kuwa eka mbili ziliharibika.

Piga picha siku hiyohiyo, maji yakiwa bado yamo. Kila picha ionyeshe kitu kisichohama: mnazi, jiwe, pembe ya nyumba. Picha ya tope tupu inaweza kuwa ya bonde lolote. Washa eneo na tarehe kwenye simu. Piga pale tuta lilipokatika, kisha ng'oa shina moja la mpunga, lipige karibu mizizi ikionekana.

Pima eneo lililoharibika. Eka ni hatua 70 kwa 70 za mtu mzima. Kwa kamba ni vizuri zaidi, karibu mita 64 kwa 64. Bonde likiwa na umbo la ndizi, ligawe vipande, pima kila kipande, jumlisha. Andika daftarini: tarehe, saa maji yalipoingia, umri wa mpunga, aina ya mbegu, gharama ulizokwishatia.

Kisha nenda kwa sheha, na umwite bwana shamba au bibi shamba wa eneo lako. Taarifa za maafa huanzia kwenye shehia na kupanda wilayani hadi Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa. Wengi huchanganya hapa: Kamisheni haikopeshi. Kazi yake ni maafa na misaada, nawe unachokihitaji ni jina lako na eka zako viwemo kwenye tathmini. Omba nakala, au angalau barua ya sheha yenye muhuri inayotaja tarehe, eneo na zao.

Hatua ya 2: Bonde ni la nani?

Maombi mengi hukwama hapa. Zanzibar mtu anaweza kumiliki miti na asimiliki ardhi iliyo chini yake, na mabonde mengi hulimwa kwa kuazima. Eka tatu zilizogawiwa wananchi baada ya Mapinduzi nazo mara nyingi bado zina jina la babu aliyekwishafariki.

Kama ni shamba la urithi, warithi wenzako watie saini karatasi moja mbele ya sheha kuwa wewe ndiye unayelima na deni ni lako. Kama umeazima, mwenye bonde aandike muda, na muda huo uwe mrefu kuliko wa mkopo. Ukikopa kwa miaka miwili kwenye bonde uliloazimwa msimu mmoja, mwenyewe akilitaka utabaki na deni bila ya jaruba.

Andaa pia kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi na akaunti ya benki. Majina yafanane herufi kwa herufi. "Khamis" kwenye kitambulisho na "Hamis" benki yatosha kukurudisha mjini mara mbili.

Hatua ya 3: Mlango upi

Mlango wa Serikali wa mikopo isiyo na riba ni Wakala wa Uwezeshaji Wananchi Kiuchumi Zanzibar (ZEEA). Pesa zake hupitia benki, kwa hiyo tarajia kupita meza mbili. Benki ya Watu wa Zanzibar (PBZ) ina huduma za Kiislamu pia: katika murabaha benki hununua kitu, tuseme pampu, ikakuuzia kwa bei mliyokubaliana na ukalipa kwa awamu. Hiyo yafaa kwa mashine, haifai kwa ujira wa palizi. Kama upo kwenye ushirika wenye vitabu safi, anzia huko, kwa sababu wenzako wanakujua.

Anayetaka pesa mkononi "ausukume" mkopo wako, usimpe. Muulize jina na ofisi.

Hatua ya 4: Pima chumvi kabla ya kuandika kiasi

Mpunga huanza kupungua mavuno chumvi ya udongo ikipita desisimenzi 3 kwa mita (ndicho kipimo chake cha maabara), na ikifika 7 hivi unapoteza karibu nusu. Mwombe bwana shamba akuelekeze namna ya kupimiwa. Chukua udongo sehemu 10 hadi 15 za bonde, kina cha sentimita 20, changanya ndoo safi, toa kilo moja. Usitumie mfuko uliotiwa mbolea, utaharibu kipimo.

Wakati unangoja majibu, fanya jaribio la nyumbani. Chukua makopo mawili yaliyotobolewa chini. Moja tia udongo wa bonde, la pili udongo wa nyuma ya nyumba. Panda choroko 10 kila kopo, mwagia maji matamu ya kisima. Siku ya saba angalia. La nyumba likiota 9 na la bonde 4, na majani ya miche hiyo minne yameungua kingo, usitie mbegu ya mkopo kwenye udongo huo.

Chumvi huondolewa kwa maji ya mvua. Ziba tuta, inua kingo za majaruba, acha mvua ijae sentimita 10 hadi 15, iache izame, kisha fungua mfereji maji yatoke, na urudie. Bila ya mfereji wa kutolea maji, chumvi hushuka kidogo tu na kiangazi hurudi juu ikaganda nyeupe. Tuta lipimwe kwa alama ya bamvua kubwa, zile za karibu na mwezi wa tatu na wa tisa, kisha uongeze nusu mita. Usikate mikoko iliyo mbele yake: ndiyo inayovunja wimbi.

Hatua ya 5: Kiasi

Tuchukue mfano wa eka mbili. Bei ni za mfano, weka za kwako.

Tuta na mfereji 600,000. Kulima na kuburuga 200,000. Mbegu kilo 40, kwa wanaoatika na kupandikiza, 120,000. Mbolea mifuko minne ya kilo 50, miwili ya kupandia na miwili ya urea, 280,000. Palizi na mavuno 300,000. Jumla 1,500,000.

Sasa geuza upande. Chukua mavuno mabaya zaidi ya misimu mitatu iliyopita, si mazuri. Tuseme magunia 16. Toa 7 ya chakula na 1 la mbegu, yanabaki 8. Nusu yake, magunia 4, ndiyo ya deni. Kwa shilingi 100,000 gunia, uwezo wako ni 400,000 kwa mavuno, yaani 800,000 kwa mavuno mawili.

Basi punguza 700,000 kabla ya kuomba. Tuta lifanyeni kwa msaragambo, yaani kazi ya pamoja bila ya ujira, maana mwenye bonde la jirani naye linamlinda: zibaki gharama za bomba la kutolea maji na chakula cha watu, 150,000. Palizi ifanywe na watu wa nyumbani, ibaki 50,000. Umefika 800,000. Andika hesabu zote mbili kwenye maombi. Afisa akiona umeanza na uwezo wa kulipa, maswali hupungua.

Hatua ya 6: Tarehe za marejesho

Hapa pigania sana. Mpunga wa masika huvunwa mnamo mwezi wa saba na wa nane. Marejesho ya kila mwezi yanafaa duka, na hata mwani unaovunwa kila wiki sita, lakini mkulima wa bonde atalipa kwa kuuza mbegu au mbuzi. Omba kwa maandishi, kabla ya kutia saini, kuwa malipo ya kwanza yaanze baada ya mavuno. Kama bonde linahitaji mvua za vuli kuoshwa, eleza hivyo na uambatanishe kipimo.

Jambo la pili ni siku ya pesa kutoka. Ikitoka mwezi wa tano, mbegu imechelewa. Mwombe afisa akuwekee fungu la mbegu na mbolea hadi msimu ujao, uchukue la tuta kwanza.

Hatua ya 7: Pesa ikishatoka

Weka risiti zote kwenye bahasha moja. Piga picha tuta kila wiki kutoka palepale ulipopigia ya kwanza.

Bahari ikirudi kabla hujamaliza deni, nenda kwa sheha siku hiyo, kisha peleka barua kwa mkopeshaji kabla ya tarehe ya malipo, uombe ratiba mpya. Barua iliyofika siku tatu kabla ni ombi. Iliyofika siku tatu baada ya tarehe husomwa kama udhuru. Baki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.