Kabla ya kuchagua PlayStation au Xbox, uliza CD za mtaani

Mbinu hii nimeidaka kwenye banda la gemu Ngarenaro, Arusha, na inasaidia kuliko ubishi wa nani ana picha kali. Kabla hujatoa hela ya mashine ya gemu, waulize washkaji unaocheza nao wana CD za mashine gani, kisha nunua ya upande huo. CD ya PlayStation haisomi kwenye Xbox, wala ya Xbox kwenye PlayStation, kwa hiyo mashine ya wengi ndiyo yenye CD za kuazima na kubadilishana, na pedi ya ziada wageni wakija. PS5 (PlayStation 5) yenye sehemu ya CD inasoma karibu CD zote za PS4, hivyo akiba ya mtaa haipotei. Za PS3 sahau.

Inagoma wapi? PS5 Digital Edition na Xbox Series S zinauzwa bila pa kuingiza CD. Gemu zote utapakua, na moja kubwa linaweza kupita GB 100. Kwa bando la simu, pole. Na kama unacheza mtandaoni tu, mtaa haukuhusu sana: kwenye gemu la mpira la EA Sports FC, mwenye PS5 anakutana na mwenye Xbox Series X uwanjani bila shida.