SOMO: Kutoka picha ya AI hadi spraiti inayokaa sawa ndani ya gemu

Wakuu, swali la "picha ya AI ni nzuri ikiwa peke yake, mbona ikiingia kwenye gemu inaharibika?" linarudi kila wiki na majibu yake yametawanyika. Naweka yote hapa. Spraiti ni picha ndogo ya mhusika au kitu ndani ya gemu. Mfano wetu ni gemu la 2D la mtindo wa pikseli, vigae (vipande vya mraba vya kujengea uwanja) vya pikseli 32 kwa 32 na wahusika wa 64 kwa 64, kwa kutumia Stable Diffusion (modeli ya kuzalisha picha), GIMP (ya kuhariri picha) na Godot 4 (injini ya gemu). Vyote vinapatikana bure. Anayetumia kifaa kingine cha kuzalisha picha, kuanzia hatua ya 4 somo linamhusu vilevile.

Shikeni hili kwanza: modeli haikupi spraiti. Inakupa picha kubwa inayofanana na spraiti, na kazi yote iko katika kuitoa hiyo spraiti.

Hatua ya 1. Sakinisha ComfyUI au Automatic1111, programu za kuendeshea Stable Diffusion (SD). Kadi ya grafiki yenye kumbukumbu ya GB 4 inatosha kwa toleo la SD 1.5, kwa toleo kubwa la SDXL tafuta GB 8. Faili la SDXL lina karibu GB 7, lishushe kwa bando la usiku.

Hatua ya 2. SD 1.5 izalishe 512 kwa 512, SDXL 1024 kwa 1024. Ukiilazimisha SD 1.5 kufika 1024 utapata mtu mwenye vichwa viwili, kwa sababu ilifunzwa kwa picha za 512 na hujaza kila eneo la ukubwa huo kana kwamba ni picha kamili.

Hatua ya 3. Andika maelekezo (prompt) kwa mafungu manne, kwa mpangilio uleule kila mara: kitu chenyewe, mtazamo, mtindo, mandharinyuma. Mafungu matatu ya mwisho yanakiliwe neno kwa neno kwa kila kitu cha gemu, unabadilisha la kwanza tu. Mwanga utajwe unatoka wapi, la sivyo pipa litakuwa na kivuli kulia na kreti iliyo jirani yake kivuli kushoto. Mandharinyuma iwe rangi moja bapa ambayo kitu chako hakina. Mhusika wa kanzu nyeupe usimweke juu ya nyeupe, kwa sababu programu ya kukata itaondoka na mikono ya kanzu. Kijani kikali nacho kina shida: modeli hupaka mng'ao wa kijani kwenye kingo za nguo, na mng'ao huo haukatiki. Kwa mavazi meupe, kijivu cha kati ni salama.

Hatua ya 4. Kata mandharinyuma kwa programu ya rembg, picha ikiwa bado kubwa. Kisha GIMP, menyu ya Layer, Transparency, Threshold Alpha, weka 0.5. Kingo zinazoonyesha nusunusu hazina nafasi kwenye sanaa ya pikseli.

Hatua ya 5: gridi. Hapa ndipo wengi wanaharibu, someni polepole.

Vipande vya mraba mnavyoviona kwenye picha ya AI ya "pikseli" si pikseli. Ni michoro ya pikseli. Modeli haina gridi ndani yake, kwa hiyo kipande kimoja kina upana wa 12, kinachofuata 13, na ndani ya kila kipande kuna rangi kadhaa zinazokaribiana. Mtu anaona picha ya 1024, anataka spraiti ya 64, anagawa, anapata 16, anapunguza moja kwa moja. Jicho moja linapotea, mstari wa nje unakatikakatika, na analaumu modeli. Kilichotokea ni kwamba kila pikseli mpya imechukua sampuli kwenye mpaka wa vipande badala ya katikati.

Kwa hiyo pima kwanza. Panua picha hadi asilimia 800, tafuta ukingo ulio wazi, mfano wa kofia au mkanda, kisha kwa kifaa cha kupimia (Shift+M) pima vipande 10 mfululizo. Tuseme umepata 128. Kila kipande ni 12.8, na 1024 ukigawa kwa 12.8 unapata 80. Basi picha hiyo ina gridi ya 80 kwa 80, haina 64. Pima tena sehemu nyingine ya picha, kwa mlalo na kwa wima. Vipimo vikipishana sana, tupa picha hiyo uzalishe nyingine. Kuirekebisha kunakula muda kuliko kuchora upya.

Baada ya kupima, fuata mpangilio huu na usiuruke. Punguza rangi kwanza, menyu ya Image, Mode, Indexed, rangi 24, bila dithering (kuchanganya nukta za rangi mbili ili zionekane rangi ya tatu). Hii inaunganisha zile rangi zinazokaribiana ndani ya kipande, ili sampuli yoyote itoke na rangi sahihi. Ndipo upunguze ukubwa hadi 80 kwa 80, Interpolation (namna ya kukokotoa pikseli mpya) ikiwa None. Ukipunguza ukubwa kwa Cubic kabla ya kupunguza rangi, kila pikseli itakuwa mchanganyiko wa jirani zake na utapata ukungu usiofutika. Sasa kata turubai hadi 64 kwa 64. Kwa kawaida mhusika hajazi picha yote, kwa hiyo atatosha. Asipotosha, rudi uzalishe mhusika mdogo ndani ya picha. Usimbane kutoka 80 kwenda 64. Ukimbana umeirudisha shida uliyotoka kuiondoa.

Mwisho rudisha RGB (Image, Mode, RGB), chukua penseli ya pikseli 1 na usafishe: macho, vidole, pikseli zilizobaki peke yake, mstari wa nje. Kazi hii ya mkono hairukwi. Kwa wengine haichukui muda mrefu, na ndiyo inayofanya wahusika wako watoke gemu moja.

Hatua ya 6. Paleti moja kwa gemu zima. Ukiwa Indexed chagua paleti yako mwenyewe badala ya kuiacha GIMP ibuni. Tovuti ya Lospec ina paleti nyingi za kushusha. Rangi 32 zinatosha.

Hatua ya 7. Vigae: washa Tiling kwenye Automatic1111, kisha hakiki GIMP kwa Offset ya nusu upana na nusu urefu (Shift+Ctrl+O). Mshono ukionekana katikati, ufute kwa mkono. Tengeneza aina tatu au nne za kila kigae, la sivyo jiwe moja lenye alama litajirudia uwanja mzima.

Hatua ya 8. Godot: Project Settings, Rendering, Textures, Default Texture Filter iwe Nearest. Ukiisahau, kila ulichofanya kitaonekana na ukungu.

Hatua ya 9. Tangaza matumizi ya AI. Steam inadai hivyo tangu Januari 2024, itch.io tangu Novemba 2024 kwa wanaouza vifaa vya sanaa. Soma pia leseni ya modeli yenyewe kabla ya kuuza.

MASWALI

Kijana_wa_Kodi: Mkuu nimefuata yote ila bado picha ina ukungu kwenye Godot.

Fundi Gridi: Hatua ya 8.

Kijana_wa_Kodi: Nilidhani hiyo ni ya hiari.

Fundi Gridi: Hakuna hatua ya hiari hapo juu.

Mpole255: Kuna app moja ya simu inayofanya haya yote kwa kubonyeza mara moja? Somo refu sana.

Fundi Gridi: Ipo inayobonyezwa mara moja, na matokeo yake ndiyo picha mnazoniletea nizitengeneze. Anza na hatua ya 5.

Binti Mwambao: Asante sana mwalimu. Natengeneza gemu la bandari ya kale, Lamu na Unguja. Nikiomba jahazi napata meli ya maharamia yenye matanga ya mraba. Je, niandike kwa Kiswahili ndiyo ielewe?

Fundi Gridi: Swali zuri, dada. Kiswahili hakitasaidia: SD 1.5 na SDXL husoma maneno kupitia CLIP, sehemu ya kutafsiri maneno kwa modeli, iliyofunzwa zaidi kwa maelezo ya Kiingereza, kwa hiyo "jahazi" linakatwa vipande vya herufi visivyoita picha yoyote. Hata jina lake la Kiingereza huleta mchanganyiko, kwani modeli imeona meli za Ulaya mara nyingi zaidi. Usibishane nayo kwa maneno, iongoze kwa mchoro. Chora kwa mistari myeusi jahazi lako: mlingoti ulioinamia mbele, foromali ndefu ya mshazari, tanga la pembetatu. Ingiza mchoro huo kwenye ControlNet ya mistari (nyongeza inayoilazimisha modeli kufuata mchoro wako), nguvu kati ya 0.6 na 0.8. Umbo litabaki lako, modeli itajaza mbao, kamba na vivuli.

Kwa milango ya Unguja, ikiwa unahitaji mingi, fundisha LoRA (faili dogo linaloiongezea modeli kitu kipya): picha 20 hadi 30, zilizopigwa mbele moja kwa moja, mwanga tofauti tofauti. Andika maelezo ya kila picha, ukitenganisha ya mraba juu na ya tao, na yenye njumu za shaba na isiyo nazo. Usipotenganisha, itakuchanganyia yote katika mlango mmoja.

Binti Mwambao: Na kanga? Maandishi yanatoka kama herufi za ajabu.

Fundi Gridi: Zalisha mji na pindo tu. Jina liandike mwenyewe, leya ya juu, fonti ya pikseli. Kwenye spraiti ya 64 halitasomeka, weka kwenye picha kubwa ya mazungumzo.

Otieno_Dev: Naomba kuuliza kuhusu mwendo. Nikizalisha fremu za kutembea, kila fremu ni mtu mwingine.

Fundi Gridi: Na itaendelea hivyo, kwa sababu kila fremu inaanza na kelele yake, yaani nukta za nasibu ambazo modeli huzigeuza picha. Zalisha pozi moja tu, ya ubavuni, isafishe, kisha chora fremu 4 kwa mkono kutoka hiyo: mguu wa kulia mbele, miguu inapishana, wa kushoto mbele, inapishana. Kwenye fremu za kupishana pandisha mwili mzima pikseli 1. Cheza kwa fremu 8 kwa sekunde. Kuanzia kiunoni kwenda juu hubadilishi karibu chochote, kwa hiyo kazi ni miguu na mikono. Usitumie mifupa ya Skeleton2D (kifaa cha Godot cha kuzungusha viungo) kwa pikseli ndogo, kwani kuzungusha kunavunja gridi. Kwa sanaa laini isiyo ya pikseli mifupa inafaa sana.

Mdau_Huru: Kwa hiyo mchoro wa AI ni mali yangu au la?

Fundi Gridi: Sheria zinatofautiana kwa nchi. Marekani, mwaka 2023 Ofisi ya Hakimiliki ililinda maandishi na mpangilio wa kitabu kimoja cha katuni, ikakataa picha zake zilizotoka Midjourney, kifaa cha AI cha kuzalisha picha. Kwa hiyo weka faili za hatua zote ulizofanya kwa mkono.

Mdau_Huru: Nikitaja jina la mchoraji maarufu nipate mtindo wake?

Fundi Gridi: Hapana. Mtindo ni riziki ya mtu. Eleza unachotaka: unene wa mstari, idadi ya rangi, aina ya kivuli. Utapata kitu chako.

Rafiki wa Pikseli: Naongeza kwa wasio na kadi ya grafiki: tovuti ya Kaggle inatoa takribani saa 30 za GPU (kadi ya grafiki ya mtandaoni) kwa wiki ukishathibitisha namba ya simu. Na kuhusu kutunza mipangilio, PNG za ComfyUI huibeba yote pamoja na namba ya mbegu (seed, inayoamua kelele ya kuanzia). Ukiiburuta picha kwenye dirisha lake, kila kitu kinarudi.

Fundi Gridi: Kweli kabisa, asante. Ila msitumiane hizo PNG WhatsApp kama picha. Inazibana na kufuta mipangilio yote. Tumeni kama hati.

Otieno_Dev: Hiyo ya hati imenisaidia sana. Na mistari myembamba kati ya vigae kamera ikisogea?

Fundi Gridi: Kwenye TileSet (seti ya vigae ya Godot) hakikisha Use Texture Padding imewashwa, kisha Project Settings, Rendering, 2D, washa Snap 2D Transforms to Pixel. Mistari ikibaki, angalia zoom ya kamera: weka namba kamili, 2 au 3. Kwa 2.5 baadhi ya pikseli zinakuwa nene kuliko nyingine.