Kugeuza vipimo vya joto la dunia kuwa mchoro: mwongozo wa p5.js

Mchoro tutakaoutengeneza una maduara yaliyozungukana, duara moja kwa kila mwaka tangu 1880, na kila duara limegawanywa vipande 12 vya miezi. Rangi ya kila kipande inatoka kwenye kipimo cha joto la dunia cha mwezi huo. Msimbo wenyewe ni mfupi. Kazi kubwa ni kuamua ni namba ipi itawale kitu gani kwenye picha, na hapo ndipo nitakapokaa zaidi, maana ndipo takwimu zinapogeuka sanaa au zinapopotoshwa.

Hatua ya 1: Andaa vifaa

Tutatumia p5.js, maktaba ya JavaScript iliyoanzishwa na Lauren McCarthy. Imetokana na Processing, ambayo Casey Reas na Ben Fry waliianzisha mwaka 2001 wakiwa MIT, kwa ajili ya wasanii na wabunifu waliotaka kuchora kwa msimbo. Fungua editor.p5js.org kwenye kivinjari chako. Huhitaji kusakinisha chochote. Hakikisha mradi wako unatumia toleo la 1, kwa sababu toleo la 2 limeiondoa `preload`, sehemu ya kupakia data kabla ya kuchora, tutakayoitumia.

Ukipenda kufanyia kazi kwenye kompyuta yako mwenyewe, washa seva ndogo ya ndani. Ukibofya tu faili la HTML, kivinjari kitakataa kusoma data na utabaki na turubai tupu.

Hatua ya 2: Pata data, kisha isome kwa macho

Taasisi ya Goddard ya NASA hutoa bure jedwali linaloitwa GISTEMP. Pakua faili la CSV (jedwali la maandishi ambalo safu zake hutenganishwa kwa koma) la wastani wa dunia nzima, nchi kavu na bahari kwa pamoja. Lipe jina `joto.csv` na ulipakie kwenye mradi wako.

Kabla ya kuandika msimbo wowote, lifungue na ulisome. Utaona mambo matatu. Mstari wa kwanza ni kichwa cha habari, si majina ya safu. Ufute, ili mstari unaoanza na `Year` uwe wa kwanza. Pili, namba zilizomo si joto lenyewe. Ni tofauti kati ya joto la mwezi huo na wastani wa mwezi huohuo katika miaka ya 1951 hadi 1980. Januari inalinganishwa na Januari, Julai na Julai, kwa hiyo usitegemee kuona misimu kwenye mchoro. Tatu, mahali ambapo kipimo hakipo pameandikwa `***`.

Hilo la tatu lishike sana. Kipimo kinachokosekana kikisomwa kama sifuri, picha itasema mwezi huo ulikuwa sawasawa na wastani, na hakuna atakayegundua, kwa kuwa rangi yake itaonekana ya kawaida kabisa. JavaScript ina mtego hapa: `Number("")` hurudisha 0, wakati `parseFloat("")` hurudisha `NaN`, yaani "si namba". Tumia `parseFloat`.

Hatua ya 3: Chora maduara

```
let jedwali;
const miezi = ["Jan","Feb","Mar","Apr","May","Jun",
               "Jul","Aug","Sep","Oct","Nov","Dec"];

function preload() {
  jedwali = loadTable("joto.csv", "csv", "header");
}

function setup() {
  createCanvas(900, 900);
  noLoop();
}

function draw() {
  background(18);
  translate(width / 2, height / 2);
  noFill();
  strokeCap(SQUARE);
  const miaka = jedwali.getRowCount();

  for (let i = 0; i < miaka; i++) {
    const r = map(i, 0, miaka - 1, 60, 410);
    for (let m = 0; m < 12; m++) {
      const joto = parseFloat(jedwali.getString(i, miezi[m]));
      if (isNaN(joto)) continue;
      const a = m * TWO_PI / 12 - HALF_PI;
      stroke(rangiYa(joto));
      strokeWeight(2.4);
      arc(0, 0, 2 * r, 2 * r, a, a + TWO_PI / 12);
    }
  }
}
```

`map` ndiyo moyo wa kazi hii yote: inachukua namba kutoka kipimo kimoja na kuihamishia kwenye kingine. Hapa nafasi ya mwaka kwenye jedwali inageuka nusukipenyo, kuanzia pikseli 60 hadi 410. `HALF_PI` tunaitoa ili Januari ianzie juu, kwenye namba 12 ya uso wa saa. Mwezi usio na kipimo unarukwa, na pengo linabaki jeusi. Liache hivyohivyo.

Hatua ya 4: Rangi

Ongeza kazi hii (function) chini ya msimbo:

```
function rangiYa(joto) {
  const kati = color(240, 235, 225);
  const mwisho = joto < 0 ? color(20, 80, 160) : color(170, 20, 30);
  return lerpColor(kati, mwisho, min(abs(joto) / 1.5, 1));
}
```

Sifuri inapata rangi hafifu ya kati, chini yake bluu, juu yake nyekundu. Pande zote mbili zinafika kileleni kwa nyuzi 1.5. Nimechagua 1.5 kwa sababu Septemba 2023 ilikaribia kiwango hicho.

Ukibonyeza kitufe cha kuendesha utaona bluu imepwaya. Miaka ya mwanzo ina baridi ya nyuzi 0.2 au 0.4 tu chini ya wastani, na mara chache sana hushuka karibu na 0.8. Utatamani kuipa bluu kipimo chake, tuseme 0.8, ili iwake sawa na nyekundu. Usifanye hivyo. Ukifanya, nyuzi 0.8 za baridi zitaonekana na uzito uleule wa nyuzi 1.5 za joto, na picha itakuwa imesema jambo ambalo vipimo havikusema. Ukitaka bluu yenye nguvu zaidi, badilisha rangi ya usuli au rangi ya kati. Hizo hazibebi kipimo, ni zako, zichezee utakavyo.

Bluu na nyekundu zina faida nyingine. Watu wengi wenye upofu wa rangi hushindwa kutofautisha nyekundu na kijani, kwa hiyo jozi hiyo iepuke.

Hatua ya 5: Kagua umbo linasema nini

Angalia tena mchoro. Duara la nje lina nusukipenyo cha 410 na la ndani 60, kwa hiyo mwaka wa mwisho umepata wino karibu mara saba ya ule wa 1880. Miaka yenye joto kali ndiyo iliyo nje. Umbo lenyewe, kabla ya rangi, tayari linaipendelea.

Jaribu kugeuza: andika `410, 60` badala ya `60, 410`. Sasa wekundu umebanwa katikati na baridi ya zamani imetanda pembeni. Data ni ileile, hakuna namba iliyoguswa, lakini mtazamaji anapata hisia tofauti kabisa. Mimi hubaki na 1880 katikati, kama mti unavyoongeza pete nje kila mwaka, kwa kuwa mpangilio huo husomeka bila maelezo. Ila nauchagua nikijua unavutia upande gani, na sitegemei ukubwa wa eneo kumwambia mtu chochote kuhusu kiasi.

Ukitaka eneo libebe kiasi, hesabu inabadilika. Florence Nightingale, kwenye mchoro wake maarufu wa mwaka 1858 kuhusu vifo vya askari katika vita vya Crimea, aliifanya idadi ya vifo iwe eneo la kila pembe. Kwa hiyo nusukipenyo lazima kifuate kipeuo cha pili cha idadi: `sqrt(idadi)`. Ukiweka idadi moja kwa moja kama nusukipenyo, kitu kilichoongezeka maradufu kitaonekana kimeongezeka mara nne.

Hatua ya 6: Badilishana majukumu

Mpaka hapa pembe ni mwezi, nusukipenyo ni mwaka, rangi ni joto. Sasa hamisha: nusukipenyo kiwe joto, rangi iwe mwaka. Ndani ya kitanzi cha miezi, baada ya mstari wa `const a`, weka:

```
const r2 = map(joto, -1, 1.5, 60, 410);
stroke(lerpColor(color(70, 60, 140), color(250, 220, 90), i / miaka));
point(r2 * cos(a), r2 * sin(a));
```

Futa mistari ya zamani ya `stroke` na `arc`. Vipimo vinatawanyika kama wingu linalopanuka kutoka katikati. Mwanasayansi Ed Hawkins wa Uingereza alitumia mgawanyo kama huu mwaka 2016 kwa mzunguko wake wa joto, uliooneshwa kwenye ufunguzi wa Olimpiki ya Rio. Jicho hupima mahali kwa usahihi kuliko linavyopima rangi, kwa hiyo picha hii hujibu "ni kiasi gani?" vizuri zaidi. Ile ya maduara hujibu "ilianza lini?". Chagua swali kwanza.

Hatua ya 7: Mkono wako

Rudi kwenye maduara. Unene wa mstari haubebi data, basi uachie huru:

```
strokeWeight(2.4 * (0.6 + 0.8 * noise(i * 0.15, m * 0.5)));
```

Weka `noiseSeed(7)` mwanzoni mwa `draw` ili mchoro ujirudie vilevile kila unapouendesha. `noise` hutoa namba zinazobadilika taratibu, na maduara yanapata uhai wa wino. Kamwe usiitie kwenye `joto`.

Hatua ya 8: Hifadhi

Weka `pixelDensity(3)` kabla ya `createCanvas`, na `saveCanvas("joto", "png")` mwishoni mwa `draw`. Utapata pikseli 2700 kwa 2700, zinazotosha kuchapa karatasi ya sentimita 23 kwa 300 dpi (nukta kwa kila inchi). Chini ya mchoro andika mstari mmoja: chanzo cha data, wastani wa 1951–1980, na nyekundu kamili ni nyuzi ngapi.