Somo: Kuunda ulimwengu wa chini ya bahari (anza na kina, mfalme atasubiri)

Falme nyingi za chini ya maji ninazozisoma zina kasri, barabara na ngazi. Mtu anayeelea, ngazi anaipandia nini? Huo ni mji wa nchi kavu uliozamishwa. Mimi nataka tujenge ulimwengu ulioumbwa na maji yenyewe, kwa hiyo weka kando majina na nasaba za wafalme kwanza.

Hatua ya 1: Chagua kina, ukiandike kwa mita

Kila unaposhuka mita 10, maji hukuongezea mgandamizo sawa na wa hewa yote iliyo juu yako ukiwa ufukweni. Kupita mita 200, mwanga hautoshi tena mimea kujitengenezea chakula. Kupita mita 1,000 mwanga wa jua haufiki kabisa, na baridi ni kali.

Watu wa mita 30 wana mchana na usiku na bustani za mwani, ila rangi nyekundu imeshafifia, na damu ya jeraha huonekana ya kijani. Watu wa mita 3,000 hawana neno "asubuhi". Fikiria hilo linavyogeuza salamu zao, sala zao, hata namna wanavyohesabu umri.

Hatua ya 2: Wanakula nini?

Usiiruke hatua hii, maana ugomvi wote wa hadithi yako utatoka hapa. Kilindini, chakula kingi hunyesha kutoka juu: mabaki ya viumbe na kinyesi, vikishuka polepole kama vumbi. Mara mojamoja huanguka nyangumi mzima, na mzoga wake hulisha viumbe kwa miaka mingi. Nani anaurithi? Aliyeuona kwanza, au mwenye sakafu ulipoangukia?

Chakula kingine hutoka chini. Mwaka 1977, watafiti waliozamia karibu na visiwa vya Galápagos walikuta chemchemi za maji moto zimezungukwa na viumbe tele. Bakteria wa pale hutengeneza chakula kwa kemikali za chemchemi, si kwa jua. Maji ya baadhi ya chemchemi za namna hii hukaribia nyuzi 400 za Selsiasi, na mgandamizo huyazuia yasichemke.

Lakini chemchemi hufa. Kijiji kilichoizunguka hakijui kwingine, maana maji ya kifuu kwa chungu ni bahari. Siku joto linapoanza kupungua, nani atatumwa gizani kutafuta chemchemi changa? Mimi ningeanzia hadithi hapo.

Hatua ya 3: Sauti na siri

Majini sauti husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, zaidi ya mara nne ya kasi yake hewani, tena hufika mbali sana. Kwa hiyo mambo ya siri wape njia nyingine: kugusana, au mwanga. Wapo samaki wa kilindini wanaotoa mwanga mwekundu ambao majirani zao wengi hawauoni. Jasusi wako huyo!

Hatua ya 4: Zana

Hakuna moto, kwa hiyo hakuna kufua chuma. Wape mifupa, magamba, mawe na kioo cha volkeno.

Hatua ya 5: Chora mpaka wa juu na chini

Samaki mwenye kibofu cha hewa akivutwa juu haraka, hewa ile hutanuka na kumwumiza. Wape watu wako mwili kama huo, na mita 500 za kupanda zitakuwa safari ya siku nyingi, yenye vituo, wenyeji na ushuru wa njiani.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, naweza kuwaweka watu wangu chini kabisa, kwenye mtaro wa mita 10,000?*

Unaweza, ila wape mwili tofauti na wa samaki. Mwaka 2022 samaki alipigwa picha kwenye kina cha mita 8,336, na huko tayari ni karibu na ukomo wao. Chini zaidi wapo majongoo bahari na viumbe wadogo wanaofanana na kamba wa kuliwa. Anzia kwa hao.

*Wataandikaje bila wino?*

Mafundo kwenye kamba za mwani. Yanasomeka kwa vidole, hata gizani.

*Binti wa kilindini anapanda kuliona jua kwa mara ya kwanza. Nimwonyeshe nini?*

Ndugu yangu, usikimbilie jua. Kabla hajalifikia, ataona weupe hafifu wa samawati juu yake, usiowaka wala kuzimika. Kwao kila mwanga una mwenyewe: windo, mchumba au adui. Atasimama pale, aulize huu ni wa nani.